Kifungo

Alfajiri, kabla ya uji, tulijipanga koridoni,
watoto ishirini na sita, kila mmoja na kikopo chake,
miguu mitupu juu ya vigae,
na nje Bahari ya Baltiki imeganda pembeni
kama mafuta ya mchuzi uliolala.

Sista Adelheid aliwasha taa ya spiriti.
Matone manane ya mkojo, dawa ya buluu, bomba la kioo,
kisha chemsha, kisha ngoja.
Buluu ikibaki buluu, umeshinda.
Kijani, ulichovya kidole mahali.
Ikiwa nyekundu ya tofali, usiseme kitu,
mkojo wako umeshasema.
Shahidi gani huyo,
unalala naye tumboni usiku kucha,
asubuhi anakuumbua mbele za watu!

Viazi, gramu themanini.
Mkate mweusi, mwembamba hadi unaliona dirisha.
Tufaha nusu, na ile nusu nyingine
sikupata kujua ilikuwa ya nani.
Mizani ya shaba ilikaa mezani kama mkuu wa nyumba.
Mpaka leo, mzee wa themanini na ushei,
nikiandika mstari nausikia ule mshale
ukitetemeka, ukitafuta katikati.

Jumamosi tulinoa sindano kwenye jiwe.
Detlef alijidunga huku akipiga mluzi.
Mimi nilihesabu vigae.

Lakini mkojo wangu ulikuwa buluu.
Si kwa wema. Mwili tu ulikubali,
kama mtu anayekubali kazi asiyoipenda.
Nikawa tajiri.
Nusu kikopo, gololi moja.
Kikopo kizima, stempu ya nchi ya mbali.
Biashara chooni, kimyakimya,
Ulrich akilinda mlango kwa kukohoa.

Krismasi ya hamsini na moja Wiebke alinijia.
Miaka tisa, midomo imekauka,
anakunywa maji bombani bila kupumua.
Ningejua.
Nilijua. Nani kati yetu hakuijua kiu ile?
Ila aliyekuwa mwekundu hakupanda treni ya kwenda kwao.
Hakuwa na gololi. Aking'oa kwa meno,
akanipa kifungo cha koti, cheusi, chenye nanga,
koti lililopunguzwa kutoka koti la babake
ambaye vita havikumrudisha.

Siku tatu nilimjazia.
Siku tatu Sista akaandika buluu, buluu, buluu,
akafurahi,
akampunguzia insulini.

Hakufa. Nalisema mapema,
maana wanangu wakifika hapa huacha kula.
Walimrudisha kwa gari la wagonjwa usiku wa pili,
pumzi yake inanuka matufaha yaliyovunda.
Matufaha! Sisi wa nusu nusu.
Siku nne alilala chumba cha mwisho
na sisi tukipita mlangoni kwa soksi.

Alipoamka wakamuuliza: nani?
Akageukia ukuta.
Sista akatutazama mezani mmoja mmoja,
macho yakanifikia, hayakusimama.
Jioni ile aliniongezea kipande cha jibini,
gramu ishirini, mtoto mwema.
Nikakila. Nilikuwa na njaa.

Mwezi wa tatu shangazi yake alikuja kumchukua,
mji gani sijui.
Koti lake lilishikwa na pini.
Nilisimama ngazini, kifungo mfukoni,
kidole gumba kikiisugua nanga,
nikawa naanza kusema kitu kuhusu theluji,
mlango wa gari ukafungwa.

Sasa nina kimashine, tone moja la damu,
namba tu, hakuna rangi, hakuna mstari koridoni.
Kando yake, kwenye kisahani, kipo.
Nanga imefutika.
Mjukuu wangu anauliza, babu, hiki kifungo cha nini?
Cha miaka mingi, namwambia.
Anacheka. Anadhani sikulisikia swali.